Tupeane uzoefu: kurinyu medikali ya urubani hapa Dar, gharama na muda wake

Mtoto wa Kipawa:
Wakuu habari za jioni. Nimeanzisha hii mada kwa sababu kila mara kuna mtu ananipigia simu kuuliza yale yale, medikali yake (cheti cha afya cha kuruka) inaisha wiki ijayo afanyeje, abebe nini, itamtoka shilingi ngapi, na wengi wanauliza maji yakiwa yameshafika shingoni. Mi ni FO (rubani msaidizi) kwenye ndege za marubani wawili, medikali ya klasi 1, yaani ya marubani wa biashara, sijafika 40 kwa hiyo yangu ni ya miezi 12. Naomba kila mtu aweke alichopitia yeye mwenyewe, siyo alichosikia kijiweni.

Naanza. Kitu ambacho wengi hawakitumii ni zile siku 45. ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) kwenye Annex 1, ile ya kanuni za leseni, wanashauri kwamba ukipimwa wakati medikali ya zamani bado iko hai na zimebaki siku zisizozidi 45, ile mpya ihesabiwe kuanzia tarehe ya zamani inapoisha, kwa hiyo tarehe yako inabaki ile ile mwaka hadi mwaka na hupotezi hata siku moja. Ukikimbilia mapema zaidi ya hapo unajikata mwenyewe miezi. Mweleze daktari wako hilo kabla hajaandika.

Kupimwa kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja tu. Kinachokula muda ni pale daktari akiona kitu akasema lete ripoti ya spesholisti, hapo ndo unaanza kutafuta miadi ya daktari wa moyo, naye anataka kipimo kingine, majibu yakitoka faili linaenda TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania) pale Banana Ukonga lisomwe, na tarehe haikusubiri. Ikiisha tu leseni haina nguvu, rosta wanakutoa, hela ya kuruka inasimama. So zile siku 45 zimewekwa kwa ajili ya hayo, siyo za kulala.

Kuhusu hela, usiulize "medikali bei gani", uliza mchanganuo. Kuna ya daktari, kuna maabara ya damu na mkojo, ECG (kipimo cha umeme wa moyo), masikio, macho, halafu kuna ada ya mamlaka unayopewa kontrol namba unalipa benki au kwa simu. Kuna sehemu nilitajiwa bei ya daktari peke yake, kufika pale nikawa natumwa dirisha hili na dirisha lile na kila dirisha linataka chake. Na siyo kila mwaka unafanya vyote, kwa viwango vya ICAO ECG ukiwa kati ya 30 na 50 angalau kila miaka miwili, ukivuka 50 kila mwaka, masikio kila miaka mitano mpaka ufike 40, baada ya hapo kila miaka miwili. Mwaka ambao vyote vinaangukia pamoja ndo unauma, uujue mapema.

Kapteni wa Kisiwani:
Asante mdogo wangu kwa kuanzisha. Mi naruka ndege ndogo ya Caravan, naenda Mafia, Zanzibar na viwanja vya porini huko Nyerere, peke yangu mbele. Nimeshavuka 40, na ukishavuka 40 unabeba abiria wa biashara ukiwa rubani mmoja, medikali inakuwa ya miezi 6. Yaani gharama ni mara mbili kwa mwaka, na vijana wanaohamia kwenye ndege ndogo hawaulizi hili kwenye mkataba. Uliza nani analipa. Nimewahi kufanya kazi sehemu walikuwa wanalipa ya kwanza tu, ya pili ya mwaka unajitegemea, na hakuna mtu aliyenieleza siku nasaini.

Ujanja wangu ni majira. Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 10 watalii wamejaa, ukiomba siku ya hospitali dispatch (wanaopanga safari) wanakuangalia vibaya. Mi nilisogeza tarehe zangu taratibu mpaka zikakaa mwezi wa 5 na mwezi wa 11. Masika kambi nyingi za kusini zimefungwa, ndege zimelala pale Terminal 1 ya uwanja wa Dar, unaenda kupimwa umetulia, na hata ukiambiwa rudi tena hujamkwamisha mtu.

Halafu macho jamani. Ukifika umri wangu ile karatasi ya maandishi madogo inaanza kukimbia, saizi inayoitwa N5 unatakiwa uisome ikiwa sentimita 30 mpaka 50 kutoka usoni. Hakuna aibu, miwani inaruhusiwa, ila kanuni inataka uwe na ya akiba unayoifikia ukiwa unaruka. Bajeti ya miwani ni ya miwili, siyo mmoja.

Nesi wa Temeke:
Naomba niingie ingawa siyo rubani, ila nimewapima wengi. Mnakuja mmekimbizana na foleni ya Tazara, mmepanda ngazi, mmekunywa kopo la enaji njiani, halafu mnakaa tu unanyoosha mkono upimwe presha. Itasoma juu tu! Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini usiikunje, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usiongee. Na mwenye mkono mnene amuombe nesi mkanda mkubwa, mkanda mdogo unapandisha namba. Hii ni haki yako kuomba, hatukasiriki.

Kingine, kama umeambiwa ufunge kula basi funga kweli. Supu na chapati mbili asubuhi halafu unapimwa sukari, majibu yakija mnaanza kupigiwa simu mrudi na roho iko juu bure.

Fresh CPL:
Wakuu shikamooni. Mi nimesoma Marekani, nimerudi nina CPL (leseni ya rubani wa biashara) ya FAA, mamlaka ya anga ya kule, nabadilisha kuja ya kwetu, kazi bado. Nilivyozoea kule ni tofauti kidogo ndo maana nachangia. Kule fomu unajaza kwenye mtandao wao wa MedXPress kabla hujaenda, daktari anajipangia bei yake mwenyewe, serikali haimpangii, kwa hiyo tulikuwa tunapiga simu tatu nne kulinganisha. Na medikali yao inaisha siku ya mwisho ya mwezi, siyo tarehe uliyopimwa. Klasi 1 yao chini ya 40 miezi 12, ukifika 40 miezi 6. Mwenye leseni za nchi mbili asichanganye hizi tarehe, kila cheti kina kanuni zake.

Hapa naomba niseme linaloniumiza. Sisi tusio na ajira tunalipa mfukoni na kuna wenzangu wanaiacha medikali iishe, wanasema nitarinyu nikiitwa interview. Kazi za huku zinakuja ghafla, unapigiwa Jumatano uje Ijumaa, na wanataka karatasi zote ziko hai. Mi nilikuwa natenga kidogo kidogo kila mwezi kwenye simu mpaka ikatimia. Kwa mtu asiye na mshahara ni mzigo, nawaelewa wenzangu kabisa.

Mzee wa Fokker:
Marahaba kijana, na Mungu akufungulie.

Mimi nimestaafu, nataka kusema la presha kwa uzito wake. Enzi zetu watu waliificha. Nina rafiki alikuwa anakunywa dawa chooni, kwenye fomu anaandika hana ugonjwa wowote, kwa kuogopa kibarua kuota nyasi. Aliruka hivyo muda mrefu na watu wako nyuma yake. Mpaka leo nikikumbuka naumia, kwa sababu hakukuwa na sababu ya kuficha. Presha inayotibiwa ikatulia, kwa dawa ambayo daktari wa anga ameikubali, haikufukuzishi kazi. Unapumzishwa kwanza wakuangalie dawa inakupokeaje, ripoti inaletwa, unarudi. Kisukari cha kuchoma insulini ndiyo mlango mgumu kwa viwango vya ICAO, hilo nisiwadanganye. Lakini kile cha chakula na mazoezi kina njia yake, na baadhi ya vidonge pia.

Na kanuni haisubiri siku ya kupimwa. Ukijua mwenyewe afya imeshuka, hata medikali ikiwa na miezi minane mbele, huruhusiwi kuruka. Malaria ni hivyo hivyo. Huwezi kumeza dawa mseto usiku asubuhi ukaingia kokpiti kwa sababu homa imeshuka. Mwambie daktari wako, subiri akuruhusu. Na mefloquine, dawa nyingine ya malaria, msiiguse kabisa, ile inachezea kichwa na haikubaliki kwa rubani.

Binti wa Mawingu:
Shikamoo Mzee. Nashukuru umesema. Mi nataka kuwasemea kina dada maana hii haiongelewi. Nilipopata ujauzito nilimwambia daktari wangu wa anga mapema kabla hata sijamwambia bosi. ICAO wanaruhusu, kama mimba haina tatizo lolote na daktari wa uzazi amethibitisha kwa maandishi, uruke kuanzia mwisho wa wiki ya 12 mpaka mwisho wa wiki ya 26. Nje ya hapo unakaa chini. Baada ya kujifungua huwezi kurudi tu kwa sababu medikali yako bado ina tarehe, unapimwa upya kwanza ndo unaruhusiwa.

Kwa gharama hapa unaongeza ripoti za daktari wa uzazi, na kazini kwangu kulikuwa na mabishano nani alipie. Nilibishana nao kwa barua, mwishowe walilipa. Dada zangu andikeni barua, maneno ya korido hayana kumbukumbu.

Mnara Usiku:
Sisi waongoza ndege tuna klasi 3, ICAO ni miezi 48, ukifika 40 inakuwa 24, ukifika 50 inakuwa 12. Watu wanadhani ni rahisi kwa vile hatupai. Mi ushauri wangu ni mmoja, usiende kupimwa umetoka shifti ya usiku. Nilienda hivyo mara moja kwa sababu ndo nafasi niliyopewa, macho mekundu, kichwa kizito, kwenye kile chumba cha masikio unasikiliza mlio unadhani umesikia kumbe hujasikia. Na marubani wa ndege za propela hivyo hivyo, msitoke kwenye kelele siku nzima mkaenda kupimwa masikio, yanakuwa bado yamechoka, namba zinakuja mbaya. Pumzika siku kwanza.

La rangi: kile kitabu cha Ishihara chenye vidoti na namba ndani yake kinatakiwa kisomwe kwenye mwanga wa aina ya mchana. Sehemu moja chumba kilikuwa na balbu ya njano na pazia limeshushwa, ukurasa wa vidoti vya kijani na kahawia ukawa kama umemwagiwa chai, nikasita. Nikamwomba daktari kwa heshima tufungue pazia. Akalifungua, akageuza kiti, namba zote zikatoka. Angeandika nimesita ningeanza safari ya vipimo vingine na gharama zake.

Mzazi Tabata:
Ndugu zangu nawafuatilia kimya toka mwanzo. Kijana wangu kamaliza form six, anataka urubani, tumeshapata chuo nje na wanataka malipo ya kwanza mwezi ujao. Hii medikali anafanya akiwa huko huko chuoni au hapa? Na kuna haraka?

Mtoto wa Kipawa:
Mzee wangu, haraka ipo, na ni kabla hujalipa hata senti. Mpeleke apimwe klasi 1 kamili hapa hapa Dar kwa daktari aliyeidhinishwa na TCAA, usikubali klasi 2 kwa sababu eti mwanafunzi inamtosha. Klasi 2 inamtosha kujifunza, haimtoshi kuajiriwa. Rangi, masikio na moyo ndo vinavyowashtukiza vijana, wengi hawajawahi kupimwa maishani. Nimesoma na mtu aliyegundua tatizo la rangi ada ikiwa imeshalipwa nyingi, familia ilikuwa imeuza kiwanja, na hakuna aliyewarudishia.

Akitoka safi, uliza chuo kwa maandishi kama wanaipokea ya TCAA au atapimwa tena na madaktari wa nchi hiyo, maana leseni ikitolewa na nchi nyingine kwa kawaida wanataka medikali ya kwao, hiyo iweke kwenye bajeti tangu sasa. Abebe kitambulisho, miwani yake kama anavaa pamoja na ripoti ya macho, na karatasi za hospitali kama alishawahi kulazwa au kufanyiwa upasuaji, aziandike zote kwenye fomu. Akiwa na pumu ya utotoni aiseme. Nipigie inbox Mzee wangu, nikuelekeze namna ya kuweka miadi wiki hii hii.