Naomba ushauri: unyakuo ni kabla ya dhiki kuu au baada?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nimelelewa nikifundishwa kwamba kanisa litanyakuliwa kimyakimya, yaani waamini watachukuliwa na Yesu kwenda mbinguni, kabla ya ile miaka saba ya dhiki, kipindi cha mateso makubwa duniani, na sikuwahi kulihoji hilo. Juzi binti yangu wa miaka tisa alirudi kutoka shule akakuta nyumba kimya; nilikuwa nyuma naanua nguo. Nilimkuta amekaa mlangoni, begi bado liko mgongoni, analia kwa kwikwi. Alidhani nimenyakuliwa, yeye ameachwa. Iliniuma sana.

Nikarudi kwenye Maandiko. 1 Wathesalonike 4:16-17 inataja sauti ya malaika mkuu na parapanda ya Mungu, sasa ukimya unatoka wapi? Tena Mathayo 24:29-31 inaweka kukusanywa kwa wateule baada ya dhiki. Rafiki mmoja ananiambia fundisho hili la unyakuo kabla ya dhiki lilienea kuanzia miaka ya 1830 kupitia mhubiri John Nelson Darby. Mchungaji wangu naye, ambaye namheshimu mno, ananirudisha kwenye Ufunuo 3:10, ahadi ya kulindwa na saa ya kujaribiwa. Nimeomba, nimesoma, bado niko njia panda.

Ninyi mnaoamini unyakuo ni kabla ya dhiki, mnaisomaje 2 Wathesalonike 2:1-3, Paulo anaposema siku ile haiji mpaka kwanza mtu wa kuasi, ambaye wengi humwita Mpinga Kristo, afunuliwe?

Na kwa wazazi: mnamfundishaje mtoto kuhusu kurudi kwa Yesu bila kumjaza hofu? Hili la pili ndilo linaloninyima usingizi.