Tupeane uzoefu: madoa meusi kwenye majani ya mawaridi, nani kayadhibiti na kivipi?

Wapenda bustani habarini. Naomba leo tuongelee huu ugonjwa wa madoa meusi maana unakatisha watu tamaa hadi wanang'oa miche mizuri ya miaka na miaka. Kwa ambao hamjaukuta, unaanza na majani ya chini, doa jeusi la duara ila kingo zake zina nyuzinyuzi, sio duara safi, alafu jani linageuka njano kuzunguka doa na mwisho linadondoka. Ukichelewa unakuta mti umebaki fito tupu, majani machache juu kabisa. Unaletwa na ukungu unaoitwa Diplocarpon rosae na unashika mawaridi peke yake, kwaiyo maua mengine bustanini msiyahofie.

Nianze na la kwangu. Nina waridi linalopanda ukutani, upande ambao jua linachelewa kufika, umande unakaa kwenye majani asubuhi karibu yote. Sikuanza na dawa. Nilikata matawi ya katikati yaliyokuwa yanasongamana, yaliyobaki nikayafunga mbalimbali ili hewa ipite, na maji nikawa namwaga shinani tu. Majani yaliyochipua baada ya hapo yalitoka masafi. Yale yenye madoa hayakupona na hayaponi, hili naomba tulielewe kabisa, watu wanapuliza dawa wanasubiri doa lifutike, doa halifutiki ndugu zangu, dawa kazi yake kubwa ni kulinda jani ambalo bado zima. Karibuni na ya kwenu.

#2
Umegusa penyewe mkuu, adui ni majani kulowa. Huu ukungu ili uingie ndani ya jani unahitaji jani liwe bichi kwa maji saa 7 hivi mfululizo, jani likikauka kabla ya hapo mbegu zake zinashindwa kupenya. Mimi na jirani yangu tuligawana vipando kutoka mche mmoja, yani damu moja kabisa. Yeye alikuwa anamwagilia jioni akitoka kazini, mpira juu kwa juu, maua yote yanaoga, usiku kucha majani yamelowa. Mi namwagilia asubuhi na chini. Msimu ukiwa katikati wake ulikuwa umepukutika wangu umesimama na majani yake, na hakuna aliyekuwa amepuliza kitu. Nilimwambia abadili tu muda na aache kulowesha majani, akabadili, na msimu uliofuata mti wake ulikaa na majani. Doa moja moja lilikuwepo, hilo halikosekani mvua ikinyesha, ila hali ilikuwa tofauti sana.

#3
Mi kutunza bustani ndo kazi yangu, naongezea ambalo watu wanaliona dogo: OKOTENI MAJANI. Ukungu unaishi kwenye majani yaliyoanguka pale chini, mvua ikipiga matone yanarusha mbegu zake kwenda majani ya chini ya mti, ndo maana ugonjwa unapanda kutokea chini kwenda juu. Kuna bustani nilikabidhiwa yenye mawaridi mengi, chini kuna zulia la majani makavu ya misimu kibao, aliyekuwepo kabla alikuwa anapuliza dawa bila kukosa na bado yanapukutika. Kitu cha kwanza nikazoa yote, nikatandaza matandazo mapya unene wa sentimita 5 mpaka 7 kuzunguka kila mche ila yasiguse shina, hayo yanazuia matone kurusha udongo. Alafu angalieni na matawi machanga, ukiona mabaka ya zambarau yanayoelekea weusi hapo ukungu umejificha, kata mpaka sehemu safi, mkasi uufute kwa spiriti ukihamia mti mwingine. Na hayo majani msiyatupe kwenye mboji kama mboji yenyewe haipati joto kali, yachome au yazike mbali.

#4
Upande wa dawa niseme kidogo maana nimezitumia sana. Kuna za kugusa tu, zinakaa juu ya jani kama kinga, mfano kopa, salfa, mankozebu, klorothaloni. Na kuna zinazoingia ndani ya mmea mfano tebukonazoli. Kilichonifaa ni kuwahi, napuliza majani mapya yakianza kufunguka kabla sijaona doa lolote, narudia kila baada ya siku 7 hadi 14 kutegemea mvua na kibandiko cha dawa kinavyosema, na hizi za kuingia ndani napokezana na za kundi lingine kwa sababu ukungu unazizoea. Puliza na chini ya jani. Salfa usipige jua likiwa kali, joto likipita nyuzi 30 inaunguza majani, wala usiichanganye na dawa za mafuta. Glavu, barakoa, nguo ya mikono mirefu. Na cheki kama inaruhusiwa ulipo, Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza kibali cha klorothaloni 2019 na mankozebu 2020, sio vitu vya kuchezea hivi.

#5
Samahanini, langu lina utando mweupe, machipukizi yamejikunja, ni huu huu?

#6
Hapana dada, huo ni ubwiri unga, ukungu mwingine na tabia zake ni nyingine. Wenyewe hauhitaji jani lililolowa, unapenda mchana mkavu na usiku wenye unyevunyevu hewani. Salfa inauweza, hata bikaboneti ya potasiamu inasaidia ukiwahi. Kata ncha zilizojikunja, punguza mbolea ya naitrojeni maana majani laini laini ndo unayoyapenda.

#7
Kwa wanaopanda upya, chagueni aina zenye kinga. Mi nilipanda Knock Out, ile iliyozalishwa na William Radler wa Marekani ikatoka 2000, pembeni ya waridi langu la zamani linalougua kila mvua. La zamani linavua majani, hili jipya linabaki la kijani. Rosa rugosa nayo yenye majani ya mikunjo ni ngumu sana kushikwa. Ila ukungu huu una makabila yake, aina inayohimili sehemu moja inaweza kushikwa kwingine, kwaiyo usafi uendelee palepale.

#8
Langu limebaki vijiti kabisa. Niling'oe?

#9 (mwanzisha uzi)
Usiling'oe, kama gome bado ni la kijani litachipua. Kata matawi yenye mabaka, zoa chini, mpe maji ya kutosha shinani na mboji kiasi, majani mapya yakifunguka ndo uanze kinga, usipulize fito tupu ukategemea zikulindie majani ambayo hayajatoka. Na yakitoka tupia picha, jani ulipige juu na chini pia, maana ukikuta vumbi la rangi ya chungwa kwa chini hiyo ni kutu na tutaongea mengine.