Tupeane uzoefu: gadi au senta, nani huibeba timu ya mpira wa kikapu ya chuo Marekani?

Kitwana: Nimemsikia kijana akidai kwamba chuo kisicho na senta mrefu, yule mchezaji wa chini ya kikapu, kisisumbuke na mashindano ya Machi ya kuwania ubingwa wa vyuo, nikakumbuka Aprili 2009, tulipokesha Dar es Salaam kwa ajili ya senta Mtanzania Hasheem Thabeet wa chuo cha Connecticut. Mliomfuatilia, elezeni mlichokiona.

Mnazi wa Hartford: Nilikuwa nikiishi huku Connecticut, na nusu fainali ile ya Detroit inaniuma hadi leo. Watu husifu urefu wa Thabeet, mita 2.21, na mitupo aliyoizima, lakini husahau kwamba Februari gadi wetu (mchezaji wa nje anayeuongoza mpira) Jerome Dyson aliumia goti na hakurudi msimu ule. Michigan State, waliokuwa katika jimbo lao, walikimbia kila walipouokota mpira, na mara nyingi senta wetu alifika chini ya kikapu wakati pointi zimekwisha kuingia. Tulifungwa 82 kwa 73, nami nililia waziwazi mbele ya wageni. Senta hula anachopakuliwa, na mpakuaji ni gadi.

Bi Tausi: Ni kweli kabisa, kaka.

Chuma cha Pwani: Napinga, mkuu. Februari hiyohiyo DeJuan Blair wa chuo cha Pittsburgh, aliyepitwa na Thabeet kwa takriban sentimita 20, alimpindua begani hadi sakafuni, kisha akamaliza na pointi 22 na ribaundi 23, yaani mipira aliyoidaka baada ya mitupo kukosa kikapu. Huyo alikuwa gadi?

Bi Tausi: Mwereka ule! Nilidhani mgongo wa kijana wetu umevunjika.

Msafiri: Mimi niliurudia hadi usiku wa manane. Waamuzi walipaswa kumwadhibu Blair.

Chuma cha Pwani: Waliugombania mpira, dada. Tusimwonee.

Kitwana: Turudi kwenye mada, tafadhali.

Mnazi wa Hartford: Mwaka 2011 Kemba Walker, gadi asiyefika mita 1.90, alitushindia michezo mitano kwa siku tano jijini New York, kisha ubingwa wa taifa. Zach Edey, senta wa chuo cha Purdue, alifunga pointi 37 katika fainali ya 2024, na bado tukawafunga 75 kwa 60.

Chuma cha Pwani: Mwaka huohuo, Donovan Clingan akiwa katikati, mliwafunga Illinois pointi 30 mfululizo bila jibu. Huyo ni senta.

Msafiri: Mwenye mtoto mrefu amfundishe kwanza kuudunda mpira na kutoa pasi.

Chuma cha Pwani: Usimsikilize. Mwache chini ya kikapu ajifunze ribaundi. Magadi wamejaa kila uwanja.