Tupeane uzoefu: barabara kuu ya Chalinze–Segera–Himo na miji midogo iliyo kando yake

Mwanzisha mada, mzaliwa wa Hedaru

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba tukusanye hapa uzoefu wetu kuhusu barabara kuu inayotoka Chalinze, ikapita Msata, Mkata, Kabuku na Segera, kisha ikaendelea Hale, Korogwe, Mombo, Mkomazi, Hedaru, Makanya, Same na Mwanga hadi kufika Himo. Wasafiri wengi huiita barabara ya Arusha na kuyakumbuka majina ya katikati pale tu basi linapoharibika, ilhali sisi tuliokulia kando yake tunajua kwamba kila mji una namna yake ya kuishi nayo. Ningependa kila mmoja aeleze magari husimama wapi katika mji wake, kwa nini husimama hapo, na nini kilitokea yalipoanza au yalipoacha kusimama.

Naanza mwenyewe. Hedaru iko chini ya Milima ya Upare, upande mkavu, ambako asiye na shamba la milimani au la umwagiliaji hutafuta riziki barabarani. Mama yangu alikuwa na banda la chakula, na kwake lori moja lenye dereva na utingo lilikuwa na maana kubwa kuliko basi zima la abiria. Abiria hununua kwa kupitishiwa dirishani, huku kondakta akihimiza, na huenda asirudi tena mwaka huo. Dereva wa lori hushuka, hunawa, hula akiwa ameketi, na akishazoea mapishi ya mtu hapiti bila kusimama. Zaidi ya hayo huwaambia wenzake. Madereva wachache wa namna hiyo ndio waliotusomesha, na nasema hivyo kwa heshima kubwa.

Jambo jingine nililoliona ni matuta. Yalipowekwa ili kupunguza mwendo wa magari, wauza matunda na karanga walihama kutoka kituoni na kujipanga karibu na tuta, kwa sababu hapo kila gari hulazimika kwenda polepole. Mpango wa mji ulibadilika bila mkutano wowote kuitishwa.

Dereva mstaafu wa malori

Kijana wangu, umesema kweli kuhusu madereva na chakula. Nitazungumzia sehemu ya chini ya barabara, kwa kuwa huko ndiko nilikoogopa zaidi.

Daraja la zamani la Mto Wami, lililojengwa mwaka 1959, lilikuwa jembamba kiasi kwamba magari mawili hayakuweza kupishana juu yake. Pande zote mbili kuna mteremko mkali wenye kona, kwa hiyo dereva mwenye mzigo alipaswa kuwa ameshapunguza gia mapema, ajue kama kuna gari lililokwisha kuingia darajani, na awe tayari kusimama mteremkoni akiwa na tani nyingi mgongoni. Tulikuwa tukipeana ishara kwa taa, na aliyetangulia ndiye aliyepita. Wenzetu kadhaa walipoteza maisha pale, Mungu awarehemu. Sasa kuna daraja jipya lenye urefu wa zaidi ya mita 500, la njia mbili, na dereva kijana hupita bila kujua kwamba hapo chini watu walikuwa wakisali.

Kuhusu miji, kumbukeni pia Chalinze. Kipande cha kutoka Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, kilipowekwa lami, magari madogo mengi yanayotoka Dar es Salaam yalianza kupita huko na kuingia barabara kuu pale Msata. Chalinze haikudhoofika sana kwa kuwa bado ina barabara ya Morogoro, lakini Msata, ambayo zamani nilikuwa naipita bila kuitazama, imekuwa njia panda yenye shughuli zake.

Mama lishe, Korogwe

Shikamoo mzee wangu. Nawashukuru kwa mada hii, maana inahusu maisha yetu moja kwa moja.

Ili mtu aelewe Korogwe lazima aangalie saa. Mji huu uko karibu nusu ya safari kati ya Dar es Salaam na Arusha. Katika miaka ambayo mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku, katazo lililodumu tangu miaka ya 1990, mabasi ya pande zote mbili yaliondoka alfajiri, na kwa sababu hiyo yalikutana hapa na katika miji ya jirani kuelekea mchana, abiria wakiwa na njaa. Hakuna aliyeamua kwamba Korogwe iwe mji wa chakula. Umbali na ratiba ndivyo vilivyoamua. Sisi tulijua saa ya kubandika wali, saa ya kuchoma kuku, na saa ambayo chipsi lazima ziwe zimeiva. Basi husimama kwa dakika chache, na katika dakika hizo abiria anatakiwa aende msalani, anunue chakula, alipe na arudi kwenye kiti. Chakula ambacho hakikuwa tayari basi lilipofika hakikuuzwa.

Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa kusafiri saa 24. Mimi siupingi uamuzi huo, kwa kuwa hata mwanangu anayesoma Arusha huondoka jioni na kufika asubuhi bila kupoteza siku ya masomo. Lakini naomba watu waelewe kilichotokea kwetu. Abiria wa mchana walipungua, na wale wa usiku wanapita wakiwa wamelala, au wanasimama saa nane za usiku wakitaka choo na chupa ya maji, si sahani ya wali. Ilinibidi nigawane zamu na mdogo wangu: mimi napika mchana kwa ajili ya wenyeji, bodaboda na malori, naye hukaa usiku akiuza chai ya tangawizi, mayai ya kuchemsha na supu. Supu ndiyo iliyotuokoa, kwa sababu dereva wa usiku huitaka ili asisinzie. Wenzangu ambao hawakuwa na mtu wa kuwaachia watoto usiku hawakuweza kufanya hivyo, na baadhi yao wamefunga. Hao ndio ninaowasikitikia, maana walikuwa wapishi wazuri kunizidi.

Mfanyabiashara wa mboga, Mombo

Mombo haikuzaliwa na barabara hii. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905, kabla ya kuendelea hadi Moshi, na mji ukawa mlango wa Milima ya Usambara. Barabara ya lami ya kwenda Soni na Lushoto inaanzia hapa hapa, na ndiyo inayotulisha. Kabichi, karoti, viazi, peasi na plamsi hushuka kutoka milimani kwa magari madogo, kisha hupakiwa kwenye magari makubwa ya kwenda masoko ya Dar es Salaam. Mzigo unaochelewa hapa chini kwenye joto huanza kulegea, na bei yake hulegea vilevile, kwa hiyo sisi hatuuzi chakula kwa wasafiri kama ndugu zetu wa Korogwe, tunauza muda. Lori likiwahi kupata nafasi ya kupakia jioni, mboga hufika sokoni alfajiri.

Treni ya abiria iliporejeshwa mwishoni mwa mwaka 2019 tulifurahi mno, hasa wazee. Mzigo wetu, hata hivyo, umebaki barabarani.

Mkazi wa Segera

Kwetu ni njia panda ya Tanga, na maisha ni machungwa, mahindi ya kuchoma na abiria wanaobadilisha gari. Naongeza ombi moja tu kwa wasafiri: mnaponunua kupitia dirishani, toeni fedha kabla gari halijaanza kuondoka. Watoto hukimbia kando ya matairi kufuata fedha zao, na tumeshazika.

Mkazi wa Mwanga

Nami nina jambo ambalo halijaguswa, nalo ni alama ya X.

Baba alijenga nyumba yenye duka kando ya barabara wakati hifadhi ya barabara, yaani eneo la kandokando lililotengwa kwa ajili ya barabara, ikihesabiwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza kipimo hicho hadi mita 30. Nyumba yetu ikajikuta katikati ya vipimo viwili: ilikuwa halali ilipojengwa, na baadaye ikawa ndani ya hifadhi. Aliyejenga ndani ya kipimo cha zamani aliwekewa X nyekundu, yaani abomoe bila kulipwa; sisi tuliwekewa ya kijani, yaani tungelipwa fidia siku eneo litakapotwaliwa.

Watu hudhani X ya kijani ni bahati. Kwa miaka mingi hatukuweza kuongeza chumba, mpangaji wa duka alikataa kusaini mkataba mrefu, na nyumba haikukubalika kama dhamana ya mkopo. Tulipouliza katika ofisi husika tuliambiwa tusubiri. Kinachoumiza ni kwamba kiwanja kilikuwa na thamani kwa sababu ya kuwa karibu na barabara, na kwa sababu hiyo hiyo kikapoteza thamani.

Mwanzisha mada

Pole sana, ndugu yangu. Je, mmeendelea kusubiri tu, au mlichukua hatua?

Mkazi wa Mwanga

Hatukusubiri. Tulijenga vyumba viwili nyuma, nje ya mita 30, tukahamishia duka huko, na ile ya mbele tukaibomoa kwa hiari, jambo ambalo majirani waliliona kuwa ni wazimu kwa kuwa fidia ilikuwa haijatoka. Mbele pakabaki uwanja mtupu. Ndipo tukagundua kwamba malori ambayo miaka yote yalitupita yalikuwa hayakosi hamu ya kusimama, bali yalikosa pa kuegesha. Sasa husimama. Wakati wa mvua kuna matope, na tumeanza kumwaga kokoto kidogo kidogo.

Mama lishe, Korogwe

Kaka yangu, hapo kwenye uwanja kuna mtu anayepika? Kati ya wale wenzangu waliofunga yupo mmoja aliyeolewa Mwanga na sasa anakaa bure.

Mkazi wa Mwanga

Hayupo, dada. Yupo muuza chai wa asubuhi peke yake. Mwambie aje aonane na baba. Maji yapo, na kivuli tutamjengea.