Tupeane uzoefu: kidhibiti cha joto kimekataa chumba cha 13, wewe ulitokaje?

Mama wa Wageni (Golf, Lubumbashi)
Jambo yenu wote. Leo asubuhi jikoni nimeona mvuke ukinitoka kinywani, nikajua baridi yetu imefika. Nikakumbuka mwezi wa saba wa mwaka jana.

Nina nyumba ya wageni ya vyumba 15. Mtoto wangu aliye Ubelgiji alinitumia mfumo wa kuongoza hita za umeme kwa simu: kisanduku kimoja cha kioo ukutani, na kila hita na rele yake, swichi inayoiwasha na kuizima. Fundi alifunga siku mbili. Chumba cha 12 kikaingia vizuri. Tulipofika cha 13, kitufe cha kuongeza chumba hakikuwepo tena kwenye kioo. Tukazima, tukawasha, tukafuta vyote na kuanza upya. Mchana mzima tulidhani kifaa kimekufa, kumbe kimetengenezwa hivyo, mwisho wake 12. Na vyumba vitatu vilivyobaki ni vile vya nyuma, chini ya mwembe, ambavyo jua halivigusi mpaka saa tano. Wageni wa huko niliwapa blanketi mbili mbili, na nilipowapelekea chai asubuhi nilishindwa kuwatazama usoni. Wenzangu, nyinyi mlifanyaje?

Fundi wa Kampemba
Mama, hicho kitufe kinachopotea nakijua, kilinilaza saa nane za usiku kwa mteja mmoja. Kifaa hakihesabu vyumba, kinahesabu zoni. Zoni moja inaweza kubeba vyumba viwili au vitatu, mradi umekubali vyote vifuate amri moja ya joto.

Ila chunga unaunganisha nini na nini. Mimi niliunganisha chumba kilichopakana na jiko na kingine cha mwisho wa korido, kipimajoto nikakiweka kwenye kile cha jikoni. Usiku wanapika, kipimajoto kinasoma 21, rele inakata. Nilipoingia chumba cha mwisho na termometa yangu ya mkononi nikasoma 13. Mgeni alikuwa amelala na koti na viatu. Tangu siku hiyo naunganisha tu vyumba vinavyotazama upande mmoja wa jua, na kipimajoto kinakaa kwenye kile cha baridi zaidi.

Kijana wa Kamalondo
Kabisa. Kipimajoto kwenye chumba cha baridi.

Yaya wa Liège
Nimesoma hii nikiwa kazini, nafunga mifumo hii huku Ubelgiji miaka mingi. Mama hajatutajia jina la kifaa chake, lakini 12 ni idadi inayojulikana: evohome ya Honeywell, kwa mfano, inabeba zoni 12 kwa kidhibiti kimoja. Nyumba nyingi za huku hazifiki hapo, kwa hiyo wengi hawajui kama mpaka upo. Anayekutana nao ni mwenye nyumba kubwa, mwenye shule, na watu kama mama.

Huku tuna radieta za maji ya moto. Ukiweka vyumba kadhaa katika zoni moja unaulizwa: kipimajoto kimoja kiongoze wote, au kila vali ipime joto la chumba chake huku zote zikifuata ratiba moja? Chagua hiyo ya pili na yaliyompata fundi hayatokei. Kwa hita za rele, yeye ameshasema yote.

Njia nyingine ni kununua kidhibiti cha pili. Kimoja unakiita Mbele, kingine Nyuma, kila kimoja na zoni zake. Gharama inapanda na kwenye simu unakuwa na nyumba mbili badala ya moja, ila hakuna mgeni anayeongozwa na joto la jirani.

Mwana Katuba
Mnahesabu vyumba. Hesabuni ampea! Hita ya wati 2,000 kwa volti 220 inakula ampea 9. Kumi na mbili zikiwaka pamoja ni 109. Dijonkta, swichi kuu inayojikata umeme ukizidi, kwenye nyumba zetu nyingine ni ya 40. Hita ya tano ikiwaka unapita hapo, dijonkta inaweza kuruka na nyumba yote giza. Hicho kisanduku kukataa cha 13 kimewaokoa.

Fundi wa Kampemba
Nani amekwambia mama yuko kwenye fezi moja, yaani waya mmoja tu wa umeme unaoingia? Nyumba nyingine za Golf zina fezi tatu, mzigo unagawanywa. Uliza kwanza, ndugu.

Mwana Katuba
Na wewe ulipofunga ulipima fezi? Nimeshaona fundi ameweka hita zote kwenye fezi moja, mbili nyingine zimelala.

Fundi wa Kampemba
Nilipima. Na nilipima volti pia, saa mbili usiku, saa ambayo kila mtu amewasha resho, jiko la umeme. Nilipata 160. Kwa volti hizo hita ya 2,000 inatoa kama 1,050 tu, karibu nusu. Mteja anasema kidhibiti ni kibovu, kumbe hita imenyimwa chakula.

Dada wa Ruashi
Samahani nawakatiza, lakini vyumba vilivyobaki nje vimenikumbusha kitu na mikono inatetemeka ninapoandika.

Nilikuwa napokea wageni usiku kwenye nyumba ya mtu, hapa hapa Lubumbashi. Mfumo kama huo, na vyumba viwili vimebaki nje ya hesabu. Akaja baba mmoja na binti yake wa miaka kumi hivi, tukawapa kimoja cha hivyo viwili kwa sababu ndicho kilikuwa wazi. Saa tatu usiku baba akaja kuomba moto, binti anatetemeka. Mwenye nyumba akasema mpelekeeni mbabula, lile jiko la makala; makala yakishakuwa mekundu hayana moshi. Nilibeba mimi mwenyewe. Niliiweka karibu na mlango. Binti alinyoosha mikono juu yake akacheka, akasema aksanti yaya.

Saa kumi na moja asubuhi nikasikia kitu kimeanguka. Ni baba, alijaribu kufika mlangoni, miguu ikamkataa. Mlango ulikuwa na komeo ndani. Mlinzi alivunja dirisha kwa tofali. Tulimtoa binti akiwa mlegevu kama nguo iliyoloa, midomo yake haina rangi ninayoweza kuieleza. Tulimlaza kwenye saruji ya uani, hewani, nikamwita kwa jina aliloniandikia kwenye daftari. Alitapika, ndipo nikajua yuko hai. Hospitali walimweka kwenye oksijeni. Wote wawili walipona. Mimi niliacha kazi ile wiki hiyo hiyo.

Mama wa Wageni
Yesu wangu. Dada, pole sana. Nimekaa chini.

Papa wa Kenya
Sisi wa Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, tumekua na mbabula chumbani. Unaacha dirisha wazi kidogo, hakuna shida.

Muuguzi wa Bukavu
Papa, kwa heshima yote, hapana. Hewa ya sumu ya makala, kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanaitoa bila wewe kujua. Inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma, unahisi kutapika, miguu inalegea, na aliyelala haamki kuvisikia hivyo vyote. Dirisha wazi kidogo si kinga. Huku Bukavu nimewapokea waliokuwa na dirisha wazi kidogo. Mbabula ibaki uani.

Papa wa Kenya
Sawa, binti yangu. Nimesikia.

Kompyuta ya Ibanda (Bukavu)
Turudi kwa mama. Mimi niliachana na kisanduku, nikaweka Home Assistant, programu ya kuongoza vifaa vya nyumbani, kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo, na plagi za Zigbee, zinazoongea bila waya, kwenye kila hita. Programu haikuhesabii vyumba. Mpaka unaweza kuukuta kwenye kidude cha USB kinachoongea na plagi: kile cha zamani, CC2531, hakiwezi kushika zaidi ya vifaa 20 moja kwa moja. Lakini plagi zinazokula umeme zinapitishiana ujumbe, kwa hiyo mtandao unakua. Vile vya betri havipitishi.

Faida kubwa niliiona kwenye delestaji, mgao wa umeme. Umeme ukirudi, vyumba vyote ni baridi, hita zote zinataka kuwaka mara moja, dijonkta inaruka. Mimi nimeamuru ziwashwe moja moja, dakika mbili kati ya moja na nyingine, na zisizidi nne kwa wakati mmoja.

Mwana Katuba
Nne kwa wakati mmoja! Si ndicho ninachosema tangu mwanzo?

Yaya wa Liège
Na siku hiyo kompyuta ikigoma na wewe umesafiri? Mama hana mtu wa Linux pale.

Kompyuta ya Ibanda (Bukavu)
Anafundisha mtu mmoja. Mimi nilimfundisha mlinzi.

Mama wa Wageni
Aksanti wote. Nimeenda kutazama mita, ni fezi tatu. Kisha nikafungua boksi la rele nikafuata nyaya kwa kidole: hita nane ziko kwenye waya mmoja. Papa fundi, jumamosi uko?

Fundi wa Kampemba
Niko. Saa mbili asubuhi. Usiwashe vyumba vyote kabla sijafika, na wageni wa nyuma wahamishie mbele.

Dada wa Ruashi
Mama, na kama una mbabula, itoe ndani leo.

Mama wa Wageni
Zilikuwa mbili, stoo. Nimezipeleka kwa mlinzi, getini.