Helikopta ya uokoaji Ziwa Tanganyika: jeshi likarabati moja ikae Kigoma, au ni ndoto?

Mwisho wa Reli:
Wakuu salaam. Desemba 2022 Kanada ilisaini mkataba wa dola bilioni 1.168 za kwao kukarabati helikopta 13 za uokoaji aina ya Cormorant na kuongeza 3 mpya. Ni za jeshi la anga, ziko kazini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zinabadilishwa injini, mitambo ya rubani, rada, kamera. Kwetu huku chombo kikizama usiku kati ya Kagunga na Karema, anayefika kwanza ni mvuvi, kama ilivyokuwa kwa ile ndege iliyoangukia ziwani Bukoba Novemba 2022. Swali langu: jeshi likikarabati helikopta zake, moja ifungwe winchi ya kuvuta watu juu na kamera ikae Kigoma. Kuna ubaya gani?

Asali ya Tabora:
Mtani, kabla ya helikopta vaeni kwanza maboya. Mnayakalia kama mito.

Binti Katonga:
Haya, watu wa maembe wameanza kutufundisha ziwa. Ziwa lenu ni lipi, Igombe? Lile bwawa la maji ya bomba?

Fundi Rota:
Mwisho wa Reli, unasema "ifungwe winchi" kana kwamba ni keria ya baiskeli. Winchi ya uokoaji ya kawaida inabeba kilo 272, waya wa chuma unene wa milimita 5 hivi, urefu mita 90 kwa mashine nyingi. Inataka fremu iliyoimarishwa pale inapokaa, umeme au haidroliki yake, pamoja na kikata-waya cha baruti ili ndoano ikinasa kwenye mlingoti wafanyakazi waukate kwa kitufe. Baruti hiyo ina tarehe ya kuisha hata kama haijawahi kufyatuliwa. Baada ya kazi waya wote unavutwa nje, fundi anaupitishia kitambaa cha pamba taratibu: uzi uliokatika utanasa kitambaa. Ukikuta waya umefumuka ukatanuka kama tundu la ndege, usijadili, unatupwa wote.

Halafu joto. Ziwa liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 30, kwa rotor, yaani panga zinazozunguka juu, hewa ni nyepesi kama uko mita 1,500. Kuelea juu ya maji bila kusogea, mtu ananing'inia chini, ndipo injini zinapobanwa kuliko popote. Mzigo unaobebeka Bagamoyo hapa unaushusha, au unapunguza mafuta. Ndiyo maana Kanada wanabadilisha na injini. Vifaa vipya vina uzito.

Kodi Yangu:
Hao Kanada mnaowasifia ni somo la kinyume. Walikuwa na mkataba wa helikopta za EH101, uchaguzi wa 1993 Chrétien akaingia uwaziri mkuu, akaufuta. Faini tu ilikuwa kama milioni 500. Miaka mitano baadaye wakaagiza 15 za ukoo uleule. Siasa ikiingia kwenye helikopta, unalipa mara mbili. Na Norwei je? Si walizirudisha za uokoaji kiwandani?

Fundi Rota:
Milioni 478, tuseme sawa. Ila Norwei umechanganya. Zilizokataliwa Juni 2022 ni NH90, za walinzi wa pwani na manowari. Zilitakiwa kuruka saa 3,900 kwa mwaka, zikawa zinapata kama 700. Za uokoaji ni nyingine, AW101, ndugu wa hizo za Kanada, na zipo. Angalau kwa jambo moja tuna nafuu, hatutaumia na chumvi: mashine za baharini injini zinaoshwa kila zikitoka kuelea juu ya mawimbi. Tanganyika ni maji baridi.

Karabai:
Baridi wapi mkuu? Uso wa ziwa ni nyuzi 24 hadi 28 mwaka mzima. Mtu anaandika habari za ziwa hajawahi kuoga Ujiji.

Fundi Rota:
Maji baridi maana yake yasiyo ya chumvi! Darasa la ngapi hilo?

Karabai:
Sema maji matamu basi. Umeandika baridi, nimesoma baridi.

Asali ya Tabora:
Maji matamu ni ya Igombe.

Binti Katonga:
Haya matamu yenu bila dagaa mnayanywa na nini?

Jicho la Usiku:
Mmecheka lakini mmegusa penyewe. Kamera ya joto haioni mtu, inaona tofauti ya joto. Newfoundland kule Kanada maji yakiwa nyuzi 5, kichwa kinang'aa kwenye skrini kama kaa la moto. Hapa maji nyuzi 26, nywele zimelowa, ngozi imepoa. Tofauti inabaki kidogo, na povu la wimbi linaizima kabisa. Kamera ileile, pesa ileile, matokeo si yale. Kwa ziwa hili utafaidika zaidi na kifaa kinachotuma ishara ya megahezi 406 kwa setilaiti, na taa ndogo kwenye boya. Angalieni masafa mnaponunua: zile za zamani za 121.5 setilaiti ziliacha kuzisikiliza Februari 2009, na ukiletewa ya bei poa huenda ndiyo hiyo.

Asali ya Tabora:
Kwenye BOYA. Asante.

Binti Katonga:
Kaka, boya boya boya. Mvuvi wa dagaa anavuta wavu usiku kucha, boya la sponji nene linamzuia mikono na linanasa kwenye nyuzi. Kosa ni la aina ya boya linaloletwa, lile la abiria wa meli. Yapo mazuri ya mkanda yanayojazwa na kichupa cha gesi, mepesi, lakini kichupa ni cha kutumika mara moja, na hapa mjini sijui dukani mwa nani utapata kingine. Kabla ya kutucheka leteni kichupa.

Jicho la Usiku:
Dada hapo una hoja. Ila upande mwingine wa hilo joto ni kwamba maji yenyewe yanampa mtu muda. Kwenye maji ya nyuzi 5 mikono inakufa ganzi ndani ya dakika chache. Juu ya nyuzi 20 kinachomaliza watu ni uchovu, kwa hiyo anayeelea kwa msaada wa kitu anaweza kusubiri saa nyingi.

Nahodha Bangwe:
Kama anaweza kusubiri, basi helikopta ya nini? Boti ya alumini ya mita 10, injini mbili za nguvu farasi 200. Kigoma hadi Mahale ni kilomita 130 hivi, saa tatu wimbi likiwa dogo. Injini moja ikikimbizwa hunywa lita 70 za petroli kwa saa, kwenda tu ni kama lita 420.

Kodi Yangu:
Na helikopta?

Fundi Rota:
Mi-17, ile ya Kirusi, inakunywa kilo 600 hadi 700 kwa saa, lita 800 na ushee. Lakini Mahale inafika dakika 35 hadi 40. Lita 500 hivi.

Kodi Yangu:
Kumbe mafuta yanakaribiana!

Fundi Rota:
Mafuta ni kitu kidogo, ndugu yangu. Panga za rotor, giaboksi, injini, kila kimoja kina ukomo wa saa na ukomo wa miaka, kinachotangulia ndicho. Ikikaa Kigoma bila kuruka inazeeka vilevile. Na moja haitoshi: ikiwa kwenye matengenezo nani anaitika? Ili moja iwe tayari kila siku unahitaji mbili, mara nyingi tatu.

Nahodha Bangwe:
Umenisaidia. Ila kusi la Juni hadi Agosti likikaza, hiyo boti yangu inatambaa. Nakiri.

Asali ya Tabora:
Basi zikae Tabora. Kilomita 350 hadi Kigoma, saa moja na nusu. Mafuta ya ndege yanapita kwetu kwa reli kabla hayajafika kwenu.

Mwisho wa Reli:
Saa na nusu kufika, ukiongeza kuamsha marubani na kujaza mafuta Kigoma ni saa mbili na nusu. Bora hata hivyo kuliko Dar, kilomita 1,080. Lakini Karema iko kilomita 230 kusini mwa Kigoma, Kasanga 430. Bila mapipa ya mafuta Karema, Kasanga ni safari isiyo na kurudi.

Karabai:
Wote mmesahau mwezi. Dagaa wanavuliwa giza, mbalamwezi watu wanapumzika. Kwa hiyo ajali nyingi za wavuvi zitakukuta usiku usio na mwezi. Rubani anatoka Kigoma anaona taa mamia majini na nyota juu, hajui mstari wa kutenganisha maji na anga uko wapi. Anainamisha mashine anadhani yuko sawa. Miwani ya usiku nayo taa kali zinaitia ukungu. Asipokuwa na mtambo wa kuishikilia helikopta yenyewe hewani bila kusogea na kipima kimo cha redio, tutatafuta helikopta badala ya mtumbwi.

Kodi Yangu:
Waingereza uokoaji wa helikopta waliukabidhi kampuni binafsi. Pauni bilioni 1.6, miaka kumi, vituo 10, jeshi likaachana na helikopta zake za uokoaji za Sea King 2015.

Binti Katonga:
Kampuni binafsi itakaa Kigoma kwa biashara ipi, kubeba mawese?

Fundi Rota:
Yeyote atakayekuja, waambieni wavuvi mapema: upepo wa rotor unapindua mtumbwi mtupu, kwa hiyo shusheni turubai, kaeni chini, na asidandie mtu ndoano ikiwa hewani. Iache iguse maji kwanza, ina umeme, itakurusha.

Asali ya Tabora:
Na waliokalia maboya?

Binti Katonga:
Watalivaa wakikuona wewe unakuja na kichupa.