Mkanda wa msasa unang'aa na kupoteza makali mapema: nimekosea wapi?

Muulizaji
Ndugu mafundi, ninaomba ushauri wenu. Ninatengeneza visu kwa mashine ya mkanda wa upana wa milimita 50 na urefu wa milimita 1830. Nilikuwa nikitumia mikanda ya oksidi ya alumini, kisha nikahamia ile ya seramiki kwa kuwa inasifiwa kudumu, lakini baada ya visu viwili tu mkanda namba 60 (namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa) umeanza kung'aa na kuteleza, ingawa chembe zake hazijabanduka. Juzi makali ya kisu kilichokwisha kukomazwa kwa moto yaligeuka buluu mkononi mwangu. Je, mkanda ni mbovu au ninautumia vibaya?

Jibu
Sidhani kama mkanda ni mbovu, fundi. Chembe ya seramiki imejengwa kwa fuwele ndogo mno, nayo hujinoa yenyewe kwa kumeguka kidogo kidogo inapokandamizwa kwa nguvu. Ukiigusa kwa woga, ncha zake husuguka tu hadi zikawa butu, na huo ndio mng'ao unaouona. Zirkonia, aina nyingine ya chembe za msasa, nayo inahitaji kukandamizwa. Kwa hiyo tumia seramiki namba 36 au 60 kuondolea chuma kingi, kwa mwendo wa kasi, na ukifika namba 220 na kuendelea, ambako mkono lazima uwe mwepesi, rudi kwenye oksidi ya alumini ambayo ni ya bei nafuu. Huo uliong'aa usiutupe kwanza: ukandamizie pembe ya kipande chembamba cha chuma, kwani nguvu ikikusanyika mahali padogo chembe zinaweza kumeguka upya.

Jibu
Ninakubaliana na aliyetangulia, ila mimi ninahofia zaidi ile buluu. Rangi hiyo hutokea chuma kinapokaribia nyuzi 300 za Selsiasi, ilhali visu vingi vya chuma cha kaboni hulegezwa ugumu kidogo, baada ya kukomazwa, kwa nyuzi kati ya 150 na 230 hivi, maana yake sehemu hiyo imekwisha kulainika na kuipaka maji sasa hakuirudishii ugumu wake. Ikiwa ni ncha nyembamba tu, isage hadi uipite. La sivyo, kikomaze kisu upya. Baada ya kukomaza, tumia mkanda mpya, punguza kasi, shika kisu kwa mikono mitupu ili vidole vikuonye mapema, na ukichovye majini kila baada ya mpito mmoja.

Jibu
Tazama pia herufi iliyo mgongoni mwa mkanda. J ni kitambaa laini kinachofuata mapindo ya mpini. X na Y ni vigumu, vinavyofaa kazi nzito. Kama kuna mshale, ufuate, kwa sababu kiungio kikienda kinyume huweza kufumuka. Tafadhali vaa barakoa, na usisage alumini mahali penye vumbi la chuma, kwa kuwa mchanganyiko huo huweza kulipuka kwa cheche moja.

Muulizaji
Ninashukuru sana. Nimekandamizia pembe ya nondo ule mkanda kwa dakika moja, na cheche ndefu zimerudi. Kisu kile nimekisaga milimita mbili, lakini buluu imeingia ndani zaidi, hivyo ninakirudisha motoni.